Meza Mate, Kisha Nyosha Mkono

Jumamosi, 1 Machi

Ninaandika nikiwa na njaa ya siku ya kwanza ya mfungo na hasira ya mtu aliyewacheka wenzake maisha yake yote na leo akachekwa yeye. Mimi, Ilyas, mwenye shahada ya uzamili ya sheria niliyoipata Januari, nimeambiwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo kwamba sijui kusimama.

Nianze na sababu iliyonipeleka. Ligi ya shule za sekondari za kimataifa hapa Brussels imepungukiwa waamuzi wa softiboli, mchezo wa wasichana wa kurusha mpira, kuupiga kwa gongo na kukimbilia vituo vinne. Nililiona tangazo chuoni. Maombi yangu ya kazi hayajajibiwa, na kushinda nyumbani kwa Shangazi Mwanakombo, pale Saint-Josse, nikisoma na kubishana na redio, kumeanza kumchosha yeye kuliko ninavyochoka mimi.

“Mchezo hujaucheza hata siku moja,” aliniambia jana akichambua mchele. “Utauamua vipi?”

“Hakimu si lazima awe amewahi kuiba, Shangazi.”

“Haya, baba. Nenda ukawabishie huko, na sisi tupumue.”

Mafunzo yanafanyika katika ukumbi wa mazoezi huko Woluwe-Saint-Lambert. Mkufunzi ni Florent Mukendi, mtu wa Lubumbashi anayefundisha katika shule ya jirani na aliyeamua mechi miaka mingi. Kila mtu humwita Tonton Florent, yaani Mjomba. Wanafunzi ni Wabelgiji wachache ambao binti zao wanacheza, mimi, na msichana aitwaye Anaïs, anayesomea ufamasia kwenye kampasi ya hospitali. Wazazi wake nao ni wa Lubumbashi, lakini yeye amezaliwa hapa.

Zoezi lilikuwa jepesi kusimulia. Mmoja anakimbilia kituo, mwingine anarusha mpira kwa mlinzi wa kituo, na mwamuzi anatamka. Mpira ukishikwa kabla mkimbiaji hajafika, mwamuzi anainua ngumi: Nje. Mkimbiaji akitangulia, au mpira ukianguka, anatandaza mikono: Salama. Uwanjani tunayatamka kwa Kiingereza. Humu nitayaandika kwa lugha yangu.

Niliinua ngumi.

“Eh, mutoto! Umeshamaliza?” Tonton Florent alipaza sauti. “Mpira ingali njiani! Weye unaita mambo ya kesho!”

Ukumbi mzima ulicheka, na mvua juu ya paa ikawa kama inawasaidia.

“Bon. Musikilize bote. Hapa kwangu muntu anaona, anameza mate, halafu anainua mukono. Anameza mate, donc! Ile wakati kidogo njo inapatia macho nafasi ya kumaliza kazi yake.” Njo kwao ni ndio.

Nilimjulisha kwamba nimefunga.

“Ah, pardon. Kumeza mate kunafungulisha?”

Nilimweleza kwamba hapana; kwamba mate ya mtu mwenyewe hayabatilishi saumu maadamu hayajatoka kinywani; kwamba wanazuoni wametofautiana kuhusu aliyeyakusanya kwa makusudi; na nilikuwa nikielekea kwenye hoja ya tatu pale Anaïs alipomgeukia mkufunzi.

“Tonton, si uliuliza ndiyo ao hapana?”

Wakacheka tena. Sitarudi.


Jumatano, 5 Machi

Nimerudi. Mvua. Kitabu cha kanuni nimekwisha kukisoma mara mbili.


Jumamosi, 8 Machi

Leo nimemsahihisha Tonton Florent kuhusu mpira unaopigwa juu wakati vituo vimejaa. Alisoma kifungu, akavua miwani, akasema, “Uko na raison, mutoto,” na akaendelea kufundisha bila kinyongo. Nilifurahi kupita kiasi kinachostahili jambo lenyewe. Anaïs aliliona hilo usoni pangu.

“Weye ukishinda ubishi unakuwa kama umekula,” alisema. “Na bado jua halijashuka.”

Kwa kumlipiza nilimsahihisha Kiswahili chake. Alisema ile mpira. Nikamwambia ni ule mpira. Alinitazama kwa utulivu mkubwa.

“Kiswahili ya mama yangu haiombe ruhusa kwako, Ilyas.”

Jioni Tonton Florent alitupa sheria mbili ambazo anasema hazimo kitabuni. Mechi huamuliwa na wawili: mmoja nyuma ya mdakaji, penye kibao cha nyumbani, anayehukumu kila mpira unaorushwa; wa pili anaangalia vituo. Ya kwanza: kocha akikuomba kwa heshima umuulize mwenzako alichoona, na una shaka hata kidogo, nenda ukamuulize. Ya pili: usimpinge mwenzako mbele ya makocha, kamwe.

“Mbele ya bakocha sisi ni muntu moja,” alisema. “Mwenzako amekosea? Unanyamaza. Utamukula kwa parking, bakocha bakisha kwenda.”

Nilimuuliza kama hiyo haifanani na njama.

“Inafanana,” akajibu. “Njo maana inaomba bantu ya ukweli.”

Niliuhesabu ubishi huo kuwa nimeushinda.


Jumamosi, 15 Machi

Baada ya mazoezi Anaïs alinipeleka Matonge nikanyolewe kwa mama yake, Maman Marie-Claire, ambaye saluni yake haifungwi mlango hata kwenye baridi, ili wapita njia wasikie anachosema. Kwa wakati mmoja alikuwa akisuka kichwa, akizungumza na simu na kumkemea kinyozi wake.

“Ah, huyu njo ule mwenye anajibishana? Ikala, papa, kiti iko pale. Anaïs alituambia. Kichwa iko kubwa kweli, itachukua wakati.”

Kisha aliwaambia wateja wote kwamba binti yake anajifunza kuhukumu. Alilitamka neno hilo kama linavyotamkwa kanisani. Mashindano ya mwisho wa msimu ni tarehe 24 Mei, na yeye na wamama wa kwaya wamekwisha kupanga kwenda, na vitenge vya kufanana wamekwisha kuchagua.

“Maman, hata sijapewa bado,” Anaïs alinong'ona.

“Watakupatia. Uko na macho.”


Jumatano, 19 Machi

Baridi. Hakuna jambo.


Jumamosi, 29 Machi

Mechi ya majaribio, ya kwanza nje ya ukumbi. Upepo ulitokea upande wa barabara kuu na udongo ulikuwa mzito kama unga wa ugali uliozidiwa maji. Nilisimama vituoni. Niliinua ngumi mapema mara kadhaa, lakini kila mara ngumi na mpira vilikubaliana mwishoni, kwa hiyo sioni kosa liko wapi.

Kwenye timu moja kuna msichana Mkenya, Wanjiru, binti wa mfanyakazi wa ubalozi. Alinisikia nikizungumza na Tonton Florent, akaja mbio na gongo begani.

“Waa! Refa anaongea Kiswahili! Shikamoo refa!”

“Marahaba. Lakini usidhani utapendelewa.”

“Mimi? Mimi nakimbia tu, kaka. Wewe fungua macho, mambo mengine niachie.”

Nilicheka. Ni mtoto mwenye mbio za ajabu na ulimi unaolingana nazo.


Jumanne, 1 Aprili

Idi imepita, na sambusa za Shangazi zimebaki. Aliniuliza kama sasa nimejifunza kungoja. Nilimwambia kwamba kufunga mwezi mzima ni ushahidi wa kutosha.


Jumamosi, 12 Aprili

Antoine, Mbelgiji mpole anayeratibu ligi, alikuja na barakoa mpya za chuma za kuwakinga waamuzi usoni na kutangaza mgawo wa tarehe 24 Mei. Kwenye fainali, nyuma ya mdakaji: Anaïs. Vituoni: mimi.

Nilimpongeza. Sauti yangu ilikuwa sawa kabisa. Baadaye nilimuuliza Tonton Florent, kwa njia ya kutaka kujifunza tu, ni kipimo gani kilichotumika, ikiwa katika mtihani wa kanuni nilimzidi kila mtu.

“Weye unajua kanuni kumupita,” alisema. “Lakini yee anangoja.”

Kwenye metro, hadi nashuka Madou, nilitunga majibu manne kwa sentensi hiyo, kila moja bora kuliko lililotangulia. Kosa lake lilikuwa moja: hakuna aliyekuwapo wa kuyasikia.


Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya kwanza yenye jua la kweli. Nitaandika kwa utaratibu, kwani nadhani nitaulizwa.

Mechi ilikuwa ya kuamua ni timu ipi iingie mashindano ya Mei. Anaïs alikuwa kwenye kibao, mimi vituoni. Timu ya Wanjiru ilikuwa nyuma kwa alama moja, zamu ya mwisho, wakiwa wamebakiwa na nafasi moja tu ya kupiga; ikipotea, mechi imekwisha. Hakukuwa na mkimbiaji kituoni. Aliyepiga ni Wanjiru. Mpira ulibiringika kwa mlinzi wa kati, akauokota, akaurusha kituo cha kwanza. Wanjiru alikuja kama aliyefukuzwa na mbwa. Mpira uliingia kwenye glavu ya mlinzi nusu hatua kabla ya mguu wake.

Niliinua ngumi. Nje.

Ngumi ilikuwa juu, sauti yangu ilikwisha kutoka, pale nilipoona mpira chini, kwenye udongo, ukizunguka taratibu karibu na kiatu cha mlinzi.

Mwamuzi aliyefundishwa angetandaza mikono na kusema Salama, na kosa lingekwisha hapo, kama chafya. Lakini watu walikuwa wamekwisha kushangilia, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema. Zaidi ya hayo kanuni ina mlango: mlinzi akiwa ameushika mpira barabara, ukamponyoka wakati anautoa kwenye glavu ili aurushe tena, mkimbiaji hubaki nje. Nikaupita mlango huo.

Kocha wao, mwanamke mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuja kwangu akiwa amevua kofia.

“Bwana mwamuzi, naomba umuulize mwenzako alichoona.”

Na mwenzangu alikuwa pale. Tunafundishwa kwamba vituo vikiwa vitupu, mwamuzi wa kibao huacha kibao na kumfuata mkimbiaji kando ya mstari ili amsaidie wa vituoni. Anaïs alikuwa amekuja mbio hadi karibu, barakoa mkononi, macho yake kwangu. Alikuwa akingoja nimwendee.

Niliyahamisha macho yangu.

“Sina shaka,” nilimwambia kocha. “Uamuzi ni wangu.”

Ndipo Wanjiru alipoinuka kutoka pale alipokuwa ameteleza, magoti yote udongo, akanisemesha kwa lugha yetu.

“Kaka, mpira si ulikuwa chini? Si uliuona? Kaka!”

Nilimjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya afisa wa mpakani, kwamba sielewi anachosema na arudi kwenye kiti chake.

Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyebisha mlango wa nyumba anayoijua akafunguliwa na mgeni.

Nimeyaandika haya kwa utaratibu niliouahidi. Ninaona kwamba utaratibu haujanisaidia.


Jumapili, 27 Aprili

Kanuni ninayoitegemea ipo. Nimeisoma tena. Ipo.


Jumatatu, 28 Aprili

Kocha amelalamika rasmi kwamba mwamuzi alikataa kumuuliza mwenzake. Kikao ni Jumatano.


Jumatano, 30 Aprili

Kikao kilifanyika darasani, kwenye viti vya watoto, magoti yetu yakigusa meza. Antoine alikuwa katikati, makocha wawili wa shule nyingine kando yake, kocha wa Wanjiru dirishani. Tonton Florent alikaa nyuma, na Anaïs karibu nami, akiwa amekuja moja kwa moja kutoka maabara.

Nilizungumza kwa Kifaransa, na nilizungumza vizuri. Kama ningekuwa msikilizaji ningejivunia. Nilianza na maana ya kushika. Nikatofautisha mpira ulioponyoka na mpira ambao haukuwahi kushikwa. Nikaonyesha kwamba jambo la macho halikatiwi rufaa, bali jambo la kanuni tu. Makocha walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Antoine alikuwa akiandika.

Kisha kocha wa Wanjiru aliuliza jambo moja tu.

“Haya yote sawa. Lakini kwa nini hukumuuliza mwenzako? Kumuuliza kungekugharimu nini?”

Kulikuwa na jibu la kweli, nalo lilikuwa fupi. Badala yake nilisikia sauti yangu, tulivu, yenye vituo vyote mahali pake:

“Kwa sababu mwenzangu hakuwa mahali pa kunisaidia. Alikuwa amebaki kwenye kibao. Kwa umbali ule, kumuuliza kungekuwa maigizo.”

Sikuwa nimeipanga. Naapa sikuipanga. Lakini nikiri hapa, ambapo hakuna wa kunipigia makofi, kwamba kabla sentensi haijaisha nilikwisha kujua kwamba iko salama, kwa sababu nilijua Anaïs amefundishwa nini. Niliiegemeza juu ya uaminifu wake kama mtu anavyoegemeza ngazi ukutani.

Antoine alimgeukia. “Mademoiselle, ndivyo ilivyokuwa?”

Nyuma yetu kiti cha Tonton Florent kililia. Anaïs aliangalia mikono yake, yenye harufu ya dawa ya kunawia. Nilimwona koo likishuka na kupanda. Alimeza mate.

“Mwenzangu ameshasema,” alijibu.

Dakika chache baadaye malalamiko yalikataliwa. Antoine aliongeza, kwa upole ule ule, kwamba kwa kuwa suala la mahali pa kusimama ni la msingi, ingefaa Anaïs apumzike msimu huu na kurudia mafunzo, na kwamba kibao cha tarehe 24 Mei nikichukue mimi, niliyeonyesha kuzielewa kanuni.

Nilisema asante. Nilisema asante!

Anaïs alikuwa ameegemea uzio wa maegesho. Alingoja gari la mwisho la makocha litoke.

“Bameenda bote? Bon,” alisema. “Sasa tuko parking.”

“Anaïs...”

“Ngoja, ni miye nauliza. Uliniona?”

“Nilikuona.”

“Nilikuwa wapi?”

“Kwenye mstari. Karibu yangu.”

“Na mpira, mlinzi aliushika?”

Nilitafuta mlango mwingine. Haukuwapo.

“Hakuushika.”

“Merci. Nilitaka kujua tu kama ulikosea ao ulisema bongo.” Bongo kwao ni uongo. “Kukosea, ningekusamehe hapa hapa, na tungeenda kula frites.”

“Mbona hukusema mle ndani?”

“Juu nilifundishwa kusimama na mwenzangu. Weye pia ulifundishwa. Njo ile ulitumikisha.”

Aliondoka kwa miguu kuelekea kituo cha metro. Mimi nilingoja hadi nikawa na hakika kwamba treni yake imekwenda.


Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Mimi sina kazi. Nimelala.


Jumamosi, 3 Mei

Nilipita Matonge, nikajiambia nimekwenda kununua dagaa wa Shangazi. Uongo nao una desturi ya kujitafutia sababu ndogo ndogo. Maman Marie-Claire aliniona kupitia mlango wake usiofungwa.

“Papa Ilyas! Unapita kama hatujuane? Ingia!”

Nilikalishwa. Nililetewa sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki kabla sijasema kitu. Pembeni, mama mmoja wa kwaya alikuwa akipimwa kitenge cha buluu chenye ndege.

“Ni ya vingt-quatre mai, siku ya mashindano,” Maman Marie-Claire alieleza. “Tutakuwa bote bleu. Tutamupigia Anaïs kelele mpaka Wabelgiji babebe watoto yao. Na weye, si utakuwa naye pale? Unamuchunga muzuri?”

Anaïs hakuwa amemwambia.

“Mbona haukule? Ni chumvi?”

“Hapana, mama. Ni kitamu.”

“Donc kula. Alisemaka weye unamuchokoza, lakini uko muntu wa ukweli. Alisema: Maman, yule anajibishana, mais habebe moyo wa pili.”

Nilikula sahani yote. Nilikimeza kila kijiko nikijua kwamba chakula kile kilikuwa cha mtu mwingine, mtu niliyekuwa hadi tarehe fulani ya Aprili, naye hayupo tena wa kukirudisha. Nilipoaga nilifungiwa na chapati za kumpelekea Shangazi.

“Dagaa wako wapi?” Shangazi aliuliza.

Nikampa chapati.


Jumatano, 7 Mei

Barua ya kazi imejibiwa. Nimeitwa kwenye usaili. Wameandika kwamba wanatafuta mtu mwenye uwezo mkubwa wa kujenga hoja.


Alhamisi, 8 Mei

Shangazi aliniuliza kwa nini siku hizi sibishani na redio. Nikamsimulia, yote, hata kocha alipouliza na mimi nikajibu. Nilitegemea anifokee. Alikunja nguo moja, akakunja ya pili.

“Na huyo mtoto wa Kikenya,” alisema, “ulimwambia huelewi Kiswahili?”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Kiswahili nilichokufundisha mimi, baba yako alipokuwa safarini?”

Aliingia jikoni. Katika yote niliyoyafanya alichagua lile ambalo sikuwa nimelifungulia hata kesi.


Jumamosi, 10 Mei

Mvua imerudi. Nilimkuta Tonton Florent ukumbini akipanga mipira.

“Nilikuwa ninangoja,” alisema bila kuinua kichwa.

“Ulijua?”

“Nilikuwa kwa mechi, mutoto. Nilikuwa nyuma ya uzio. Niliona mpira, niliona Anaïs. Na niliona macho yako yanakimbia.”

“Kwa nini hukusema kwenye kikao?”

“Niseme nini? Miye njo nilibafundisha kunyamaza. Nilikaa pale, nikaona sheria yangu inachinja mutoto mwenye aliiheshimu.” Aliutupa mpira kwenye kapu. “Miye pia nina haya, unafikiri ni weye peke yako? Lakini yangu nilimupelekea Anaïs. Yako iko wapi?”

Nilimwambia ninaweza kumweleza Antoine faraghani. Kwamba ni njia ya busara zaidi, isiyomwaibisha mtu yeyote.

“Isiyomwaibisha nani?”

Niliokota mpira uliobiringika, nikamrudishia.

“Ulisema mbele ya bantu,” alisema. “Utatengeneza mbele ya bantu. Bale bale. Jumatano bana mkutano.”


Jumatano, 14 Mei

Darasa lile lile, viti vile vile. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, na katika utangulizi huo kulikuwa na shinikizo la mazingira na ugeni wa mwamuzi kazini. Niliposimama nilimwona Anaïs karibu na mlango, koti bado mwilini, kama mtu asiyekusudia kukaa. Nikameza mate. Kwa mara ya kwanza msimu huu nikangoja macho yamalize kazi.

“Mpira haukushikwa,” nilisema. “Niliuona chini. Mwenzangu alikuwa kwenye mstari, mahali pake, na nilimwona. Nilikataa kumuuliza kwa sababu nilijua angesema kweli. Kisha nikawadanganya ninyi kwa sababu nilijua angenyamaza.”

Nikakaa. Ilikuwa hotuba mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa. Haikuwa na hata kiunganishi kimoja cha kujivunia.

Hakuna aliyetikisa kichwa kwa kukubali. Kocha mmoja alikohoa. Antoine alivua miwani na kusema kwamba matokeo ya mechi hayabadiliki, kwani ratiba ya mashindano imekwisha kutoka na timu zimekwisha kuingia. Kibao kitarudi kwa Mademoiselle Anaïs, pamoja na radhi za ligi. Bwana Ilyas hataamua mechi tena msimu huu. Akipenda, Machi ijayo anaweza kuanza upya, tangu zoezi la kwanza.

Kocha wa Wanjiru alinipita mlangoni. “Asante kwa kusema,” aliniambia. Kisha, bila ukali: “Wasichana wangu walikuwa wamekuamini, unajua.”

Anaïs nilimkuta maegeshoni. Nilimwambia samahani. Alivuta zipu ya koti hadi kidevuni.

“Nimesikia,” alisema.

Nikangoja neno lingine. Halikuja, na sikuwa na haki ya kulidai.


Jumamosi, 17 Mei

Sikuitwa kwenye mazoezi ya mwisho. Nimesafisha viatu vyangu vya uwanjani na kuvifunga kwenye mfuko.


Jumanne, 20 Mei

Usaili. Waliniuliza udhaifu wangu ni upi. Nilinyamaza muda mrefu hadi mmoja wao akaniuliza kama nimeelewa swali.


Jumamosi, 24 Mei

Sikukusudia kwenda. Shangazi alisema yeye anakwenda, kwamba Maman Marie-Claire amempigia simu kumshukuru kwa kachumbari aliyompelekea, na kwamba kama ninaona haya niione nikiwa nimeketi pamoja na watu wengine. Kumbe siku hizi wanazungumza.

Jua lilikuwa kali kiasi cha Brussels. Wamama wa kwaya walikalia safu mbili za viti vya mbao, buluu tupu, ndege wakiruka juu ya vifua vyao. Hawajui chochote kuhusu mchezo. Kila Anaïs aliponyosha mkono walipiga vigelegele, hata pale alipoomba tu mpira mpya.

Nami nilimtazama akifanya kazi. Mpira unaingia kwenye glavu ya mdakaji. Halafu kimya, kifupi mno, ambacho mtu asiyekijua hakioni. Halafu mkono. Tonton Florent alisimama vituoni, mahali pangu, na mara moja, mguu wa mkimbiaji ulipogombaniwa kwenye kituo cha pili, alivua kofia yake mbele ya watu wote, akamwendea mwanafunzi wake na kumuuliza. Alimsikiliza. Akarudi na kuugeuza uamuzi wake mwenyewe kwa sauti kubwa. Hakuna kilichomwanguka.

Karibu na uzio, kwenye ubao wa alama, alikuwapo Wanjiru. Timu yake haikuingia, kwa hiyo shule ilimpa kazi ya kutundika namba. Nilimwona tangu nilipofika na kwa muda mrefu nikajifanya ninaangalia mchezo. Katika mapumziko niliinuka, nikapita mbele ya magoti yote ya buluu, nikaenda.

“Wanjiru,” nilisema, kwa Kiswahili, Kiswahili cha nyumbani kwetu. “Nimekuja kukuomba radhi. Mpira ulikuwa chini. Niliuona, na nilikusikia, na nilikuelewa kila neno.”

Alikuwa ameshika namba ya bati mkononi. Alinitazama. Koo lake lilishuka, likapanda. Sijui nani aliyemfundisha. Kisha alinijibu kwa Kiingereza, taratibu, bila chuki, kwa sauti niliyoitambua kwa sababu ilikuwa yangu: kwamba haelewi ninachosema, na nirudi kwenye kiti changu.

Akageuka, akaitundika namba yake.

Nilirudi. Mchezo ulikuwa umeanza tena, na nilibaki nimesimama mbele ya safu ya kwanza, nisijue mikono niiweke wapi.

“Ule mutoto alikuambia nini?” Maman Marie-Claire aliuliza, akinyosha shingo kunipita.

“Kwamba nirudi nikae.”

“Basi ikala, papa,” alisema, akinivuta koti. “Unatuzibia Anaïs.”